Stima na Bi Harusi wa Eldas

Stima ilikatika tena, na kabla feni haijamaliza kuzunguka, Nunow alishafika mlangoni. Nunow alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mchomeleaji wa mageti na madirisha, na stima ikipotea yeye ndiye wa kwanza kujua.

"Mama Abshiro! Mpo?"

"Tupo. Twende wapi?" Mama Abshiro aliingia kutoka nje na birika la udhu mkononi, mikono bado inachuruzika maji. "Siku hizi hata salamu hakuna, Nunow?"

"Assalamu alaikum. Nina geti la mtu, nusu limeungwa nusu linaning'inia. Kwenu iko?"

"Unaona feni inazunguka?"

Nunow aliitazama feni ikimalizia mzunguko wake wa mwisho, akajikaribisha mwenyewe mkekani. Kwenye kona, friza kubwa la maziwa ya ngamia lilinyamaza kimya. Mama Abshiro alilifunika blanketi haraka, kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa. Maziwa yaliyolala mle ndani yalikuwa yameshaoza mara mbili tangu mwezi uanze, na wateja wake wa hotelini walianza kumpita kimyakimya wakinunua kwa wengine. Hilo lilimuuma kuliko hasara yenyewe, maana jina lake ndilo lililokuwa biashara.

Filsan alileta chai. Alikuwa mkwe wa nyumba ile, msichana mrefu kutoka Eldas, kule Wajir, aliyeolewa na Abdisalam, mwana wa Mama Abshiro, baada ya Idi. Aliinama kumwekea mgeni kikombe, na Nunow akavuta mguu wake pembeni, taratibu, usiguswe na shuka la yule binti.

"Mimi sisemi mtu," Nunow alisema, na anayeanza hivyo ujue tayari ana mtu wa kumsema. "Nasema tu, mtaa huu nimekaa. Stima ilikuwa ikipotea wakati wa mvua, tunasema mvua. Sasa mvua iko wapi? Jua hili hata mbuzi wanatafuta kivuli cha nguzo. Na imeanza lini? Baada ya harusi."

Mama Abshiro alipuliza chai ambayo haikuwa ya moto sana. Abdisalam, mwenye mke, karani wa ofisi ya mifugo na kijana aliyesoma hadi chuo, alikuwa amekaa palepale, kidole kinapandisha na kushusha ukurasa uleule wa simu. Filsan alisimama na sinia tupu akimwangalia, akingoja. Abdisalam hakuinua uso.

Friza likanguruma. Stima ilikuwa imerudi yenyewe, bila kuguswa na mtu.

"Umeona?" Nunow alinyanyuka mbio. "Ameingia jikoni, imerudi!"

Kweli Filsan alikuwa ndio kwanza anaingia jikoni. Alisimama huko ndani akajiuliza kama ni yeye.

---

Fundi wa stima alikuja kesho yake asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Ilikuwa mara yake ya tatu. Alikuwa mtu wa kutoka Mwingi, mpole, mwenye kofia ya plastiki na viatu vizito, na kwa sababu yake nyumba nzima ilibidi iache Kisomali na kuhangaika na Kiswahili.

Aliwaeleza tena kama alivyowaeleza kwanza. Stima ya mtaa ule haipiti juu. Inatoka kwenye transfoma kwa waya mnene uliofukiwa chini, unafuata ukuta wa nyumba zao hadi mwisho wa barabara. Kwenye transfoma kuna swichi. Stima ikivuja mahali ikaingia ardhini, swichi inahisi, inajikata. Ikitulia, inajirudisha.

"Kwa hivyo nabotea mahali," alisema Mama Abshiro.

"Inapotea mahali, ndiyo. Swichi haiwezi kukatika bure."

"Wapi?"

Fundi akaenda kupima. Alifungua waya wake kule kwenye transfoma, akaufunga kwenye mashine ya kupimia, akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Alizunguka mtaa mzima hadi shati likamganda mgongoni. Aliporudi alikubali maji ya kunywa, akayamaliza kwa mkupuo mmoja.

"Waya ni mzima, mama. Hauvuji popote."

"Fundi, wewe nasema mzima. Maziwa yangu nani nakunywa? Wewe?"

"Mama, hata mimi nimechanganyikiwa. Ungekuwa umekatika kabisa ningeupata. Hili ni tatizo linakuja, linaondoka, nikifika halipo. Nimpime nani na yeye amekimbia?"

Masikini, hakujua alichokisema. Mama Abshiro alimgeukia mwanawe, akamwambia kwa Kisomali, polepole: "Umesikia? Linakuja, linaondoka. Mtu akilitafuta, linakimbia. Hicho ni kitu cha waya hicho?"

"Hooyo, mama yangu, ni lugha tu ya mafundi," alisema Abdisalam.

"Na wewe ni lugha gani unayo? Hujawahi kusema ni nini."

Abdisalam aliangalia saa, akasema amechelewa kazini. Fundi naye alikusanya vifaa vyake akaenda. Adhuhuri ikaadhiniwa, Mama Abshiro akatoka na birika lake, akatawadha, akatandika mswala. Alipokuwa kwenye rakaa ya pili, feni ilisimama.

---

Kibaya zaidi ni kwamba tatizo halikuwa na mpango. Kama lingekuja kila siku, watu wangelizoea. Siku nyingine stima ilikatika kila wakati wa swala, hadi wakaanza kulitegemea. Kisha siku mbili tatu kimya, Mama Abshiro anajaza friza, anaanza kucheka na wateja, halafu pwaa! gizani wote. Kila aliyekuwa na maelezo, kesho yake maelezo yalimkimbia.

Filsan alianza kujichunguza. Asikuambie mtu, hilo ndilo lililokuwa linamtesa. Alipita mbali na swichi za ukutani. Alimwachia Abdisalam ajipigie pasi mwenyewe. Siku aliyoshinda amelala bila kugusa kitu, stima haikukatika, na badala ya kufurahi alilia. Siku iliyofuata alishinda hivyohivyo amelala, stima ikakatika mara nne, na hapo hakujua tena alie au acheke. Alisoma aya za kinga asubuhi na jioni. Alijipulizia viganjani, akajipangusa uso.

Halafu kukawa na harusi kwa kina Ruweyda, nyumba ya tatu. Wanawake walikuwa wanapiga makofi na kuimba, spika inavuma, na Filsan akaingia na buibui lake jipya. Hakuwa amekaa vizuri spika ikafa. Yule aliyekuwa kulia kwake alikumbuka kitu jikoni, na yule wa kushoto akamwita mwanawe, na Filsan akajikuta yuko peke yake kwenye mkeka ambao ungekaliwa na watu sita. Aliinuka akarudi nyumbani. Nyuma yake alisikia mmoja akisema, "Ngojeni, sasa hivi itarudi." Ikarudi, watu wakacheka.

Alimngoja mumewe chumbani.

"Wewe unasema ni mimi?" alimuuliza.

"Nani kasema ni wewe?"

"Wote wanasema. Nakuuliza wewe."

Abdisalam alivua viatu, akavipanga sawasawa. "Filsan, watu ni watu. Wataongea watachoka."

"Sitaki wachoke. Nataka useme neno moja tu. Mbele ya hooyo. Sema, 'Mke wangu hana kitu.' Basi. Sitakuomba kingine."

"Nitaongea naye."

"Lini?"

"Nikipata nafasi nzuri. Unamjua hooyo, ana presha."

Filsan alimtazama sana. Alimwona ni mtu mwenye hofu usoni, na akajiambia: huyu naye hajui. Amechanganyikiwa kama mimi nilivyochanganyikiwa. Mtu asiyejua atasema nini? Alimwonea huruma, na usiku huo alilala.

---

Mama Abshiro hakuwa mbaya. Lazima hilo lisemwe, maana ni rahisi kumtukana mama mkwe. Harusi ilipofanyika aliwaachia vijana bafu la ndani, kwa heshima na kwa kuwasitiri, naye akahamia nje. Alitawadhia pembeni ya ukuta wa barabarani, akakogea kwenye kibanda cha mabati alichokiegemeza palepale, na hakulalamika hata siku moja. Alimpenda yule binti. Ndiyo maana alimwita Maalim Salah, ili binti atibiwe, asifukuzwe.

Maalim Salah alikaa ukumbini, akasoma juu ya majerikeni mawili ya maji. Hiyo ndiyo tahliil, maji yaliyosomewa Qur'ani, na hakuna nyumba ya Garissa isiyoyajua. Alipomaliza alimwambia Mama Abshiro, "Maji haya ni ya baraka. Mgonjwa anakunywa, anaoga. Lakini mimi sikusema binti huyu ni mgonjwa. Nimemsomea, nimemwona mtulivu. Msiseme Maalim Salah amesema ana jini."

"Hatutasema, Maalim. Na nyumba yenyewe?"

"Nyumba nyunyizieni pembe zake. Si vibaya."

Filsan alikunywa. Akaoga. Kisha Mama Abshiro akanyunyizia pembe za nyumba, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya jambo kwa moyo wote, hakunyunyizia, alimwaga. Alianzia nyuma, akazunguka, akamalizia kwenye ukuta wa barabarani, akimimina na kusoma, akimimina na kusoma.

Stima ilikatika hata jerikeni halijaisha. Na mara hii haikurudi hadi jioni.

Mtaa mzima ulitoka nje. Nunow alisimama na miwani yake ya kuchomelea kichwani, na hata yeye hakutania. Mama Abshiro aliingia ndani akakaa.

"Kimekasirika," alisema. "Tumekigusa, kimekasirika. Ya Rabbi, nimemletea mwanangu nini nyumbani?"

Filsan alikuwa amesimama mlangoni, nywele bado mbichi kwa yale maji. "Hooyo, mimi sina kitu. Maalim amesema."

"Najua si kosa lako, binti yangu. Wallahi najua. Lakini nenda kwa mama yako upumzike. Wakikutibu huko, likatoka, utarudi."

Kupumzika! Kila mtu pale alijua mke akipelekwa kwao kupumzika na jina la jini, kinachomfuata ni talaka. Mama Abshiro alichukua simu akampigia Yarow, mjomba wa Filsan, mwenye pikapu ya kubeba bidhaa kwenda Wajir na Eldas. Walizungumza kwa adabu, wakaulizana hali ya mvua na ngamia, kisha wakapatana. Abdisalam alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni muda wote. Filsan alimtazama. Abdisalam alikuwa anajikuna goti.

---

Yarow alifika siku mbili baadaye, asubuhi, akasimamisha gari nje ya geti. Hakuingia ndani. Alikuwa mzee wa maneno machache, na aibu ya mpwa wake ilikuwa aibu yake. Alipokea sanduku, akalifunga kamba nyuma kati ya magunia ya sukari.

"Umekula, abti?" Yarow alimuuliza Filsan, kwa neno wanaloitana mjomba na mpwa.

"Nimekula," alisema Filsan, na hakuwa amekula.

Alikuwa ameshapanda kiti cha mbele pale gari la mafundi lilipoingia mtaani. Ni yule fundi wa Mwingi. Nunow alikuwa amekwenda jana kuwapigia kelele ofisini kwao, akaapa atalala pale hadi wakubali kuja. Fundi alishuka bila haraka, mashine yake begani, uso wa mtu aliyeshakata tamaa. Alianza kufungua boksi lake kando ya ukuta.

Hakuna aliyemjali. Macho yalikuwa kwenye pikapu. Mama Abshiro alitoka na jerikeni la tahliil lililobaki. Alikusudia kumwaga njia nzima, kuanzia mlangoni hadi getini, binti akiondoka na kile kitu kiondoke kisigeuke. Alikuwa analia kweli. Akaja akimimina pembeni ya ukuta, palepale penye kibanda chake cha kuogea, akayamwaga yote yaliyosalia.

Ardhi ikakoroma.

Hakuna neno lingine. Ilikuwa kama sufuria ya mafuta iliyodondokewa na maji, ila sauti ilitoka chini. Mvuke mwembamba ulipanda kutoka mchangani. Kwa Nunow mashine ya kuchomelea ikazima, redio za mtaa zikanyamaza.

"Mama! Toka hapo!" Fundi alimrukia, akamvuta kwa mkono, akamwachia mara moja akikumbuka kwamba ni mama wa watu. "Samahani. Msikanyage hapo. Mtu yeyote asikanyage hapo!"

Nunow alianza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti. Fundi hakumsikiliza. Alisimama mbali kidogo akiutazama ule mchanga, mdomo wazi. Mvuke ukaisha. Unyevu ukaanza kukauka kutoka katikati kwenda nje, jambo la ajabu. Mara redio zikarudi kuimba.

"Nani ana maji mengine?" aliuliza.

"Ya kusomewa?" alisema Nunow.

"Ya bomba! Maji tu!"

Nunow akaleta ndoo. Fundi alivaa glavu zake nene, akasimama mbali kadiri mkono ulivyomruhusu, akayatupa. Ardhi ikakoroma. Redio zikazima. Yale hayakusomewa hata bismillahi.

Alikimbia kwenye transfoma akazima swichi kwa mkono, akaifunga kufuli, akarudi na sepetu. Hakuchimba sana. Waya ulikuwa karibu mno, umefukiwa juujuu na watu waliokuwa na haraka ya kwenda kwao. Ubavuni ulikuwa na mkato wa jembe au sururu, mdogo, wa urefu wa kidole, na mchanga uliouzunguka ulikuwa umeungua ukawa mweusi na mgumu.

"Huyu hapa," alisema fundi, karibu alie. "Huyu ndiye anayenifanya mwendawazimu. Maji yakimfikia, stima inapita kwenye mkato inaingia ardhini. Ikipita inachemsha, inayakausha maji yenyewe. Akishakauka anapona, na maji yakimkosa kidogo, anatulia siku mbili tatu. Mimi nikija na mashine saa nne, namkuta mkavu, namwandikia mzima." Aliangalia huku na huku. "Lakini hapa maji yametoka wapi kila siku? Mvua hakuna."

Nunow aligeuka akakitazama kibanda cha mabati. Watu wote wakakitazama. Kisha wakamtazama Mama Abshiro, ambaye bado alikuwa ameshika jerikeni tupu.

"Ni udhu wangu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Udhu wangu, na... subhanallah. Na kuoga kwangu."

"Na tahliil," alisema Nunow, na hapo akashindwa kujizuia, akacheka. Mmoja akamfuata, wa pili akamfuata, na punde mtaa mzima ulikuwa unacheka, hata fundi ambaye hakuelewa nusu yake. Walicheka kwa nguvu, kicheko cha watu waliokuwa na hofu muda mrefu. Mama Abshiro alijifunika uso kwa shungi lake, mabega yanatikisika, na hukuweza kujua kama anacheka au analia.

"Filsan!" aliita baadaye, akipangusa macho. "Shuka, mwanangu. Shuka uje uweke chai, tuna wageni. Nunow, mteremshie sanduku lake."

Na Nunow, yule yule, akaanza kufungua kamba akipiga mluzi.

Filsan hakushuka mara moja. Alikaa garini mikono mapajani. Si mimi, alijiambia. Si mimi, si mimi. Angeweza kuwasamehe wote siku hiyo. Angemsamehe hata Nunow.

Abdisalam alikuja mbio dirishani. Uso wake ulikuwa umekunjuka, alionekana mdogo na mzuri kama siku ya nikaha.

"Shuka basi," alisema. "Yameisha. Umeona? Ni waya tu."

"Nimeona."

"Mimi nilijua."

Filsan alimgeukia. "Ulijua nini?"

"Kwamba si wewe. Wallahi nilijua tangu mwanzo. Jini gani la kukata stima? Mimi nimesoma, Filsan. Hata siku moja sikuamini."

"Hata siku moja."

"Hata moja!" Alisema kwa furaha, kama anayempa zawadi.

"Siku ile Nunow alipovuta mguu wake nisimguse, ulijua?"

"Nilijua, nakwambia."

"Na siku niliyotoka harusini kwa kina Ruweyda?"

"Haa, ndiyo. Nilijua."

"Na juzi hooyo alipokuwa akimpigia abti simu, na wewe umekaa palepale kwenye kiti?"

Abdisalam alianza kuona kwamba maswali hayaendi anakodhani. "Sikutaka kumkosea hooyo," alisema. "Si unaelewa? Nilijua mwisho itajulikana."

Filsan aligeuka akaliangalia sanduku lake. Miezi yote ile alikuwa na jambo moja la kumshikilia mumewe, kwamba naye hajui, kwamba wako wawili kwenye giza moja. Alikuwa amemtetea nalo kwa mama yake kwenye simu. Alikuwa ameliombea dua.

"Nunow," alisema, "liache sanduku hapo. Lifunge tena."

Nunow alisimama na kamba mkononi, akimtazama huyu na yule.

"Filsan, unatania?" alisema Abdisalam. "Si tumeshapata tatizo!"

"Abti, washa gari."

Yarow alimtazama mpwa wake. Hakuuliza kitu. Aliwasha, akaingiza gia, na pikapu ikaanza kutoka polepole kati ya watu walioanza kuacha kucheka mmoja mmoja. Mama Abshiro aliita, akauliza kuna nini. Abdisalam alikuwa anatembea kando ya gari, mkono juu ya mlango, akizidi kuharakisha, na bado alikuwa anamweleza mkewe kwamba ulikuwa ni waya tu.